Ndege Ametua, Ndege Imetua

Saa ya ukutani mliyonizawadia siku ya kuniaga inafanya kazi vizuri sana, ahsanteni. Nimeitundika sebuleni hapa Maisaka, na kila nikiitazama inanikumbusha kwamba sina tena mahali pa kuchelewa. Mlinisumbua niandike yale niliyokuwa nawasimulia wakati wa chai, maana kila nikifika patamu mnaitwa kwenye kikao. Basi naandika. Mambo ya vyeo na ngazi za mshahara yatafuteni kwenye mafaili, hayana utamu wowote. Mimi nataka kuwaeleza habari za ndege mmoja mdogo, wa kukaa kwenye kiganja, ambaye nusura akanyagwe na mji mzima wa Babati uliokuwa unatafuta sukari.

Niliripoti kazini nikiwa binti mwembamba kutoka nyanda za juu za Mbulu, cheti changu cha misitu bado kinanuka gundi ya bahasha. Ilikuwa ile miaka ya mwanzo ya themanini ambayo nyie mnaisikia kwa wazazi wenu na kudhani wanatia chumvi. Hawatii, maana hata chumvi yenyewe haikuwepo. Nilivaa katambuga za tairi la lori, nikaona aibu kuingia nazo ofisini. Bwana Misitu, yaani mkuu wetu, alinitazama miguuni, kisha akainua mguu wake kunionyesha kiatu kilichofungwa kwa kamba ya katani ili soli isidondoke njiani. "Umenizidi, Martina," akasema. "Karibu kazini."

Nikakabidhiwa vitendea kazi: panga, koti la mvua lenye mkono mmoja, na baiskeli. Baiskeli ile mipira yake ya ndani ilikuwa imekufa siku nyingi na mipya haikupatikana, kwa hiyo matairi yalijazwa nyasi kavu na kushindiliwa. Ukiipanda kwenye mteremko unasikia meno yako yakisalimiana. Nyasi zikisagika unasimama kando ya barabara, unakata nyingine, unashindilia, safari inaendelea. Nawaambia hivyo kwa sababu niliwasikia mwaka jana mkilalamika kwamba gari la ofisi halina redio.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Boay, mlinzi wa msitu, Mgorowa aliyezaliwa chini kabisa ya mlima Kwaraha. Alikuwa mfupi, mwenye kucheka kwa mabega, na hakuwahi kuniambia jambo mara mbili. Siku ya kwanza tulipoingia msituni nilitembea kwa bidii nikikata vichaka kushoto na kulia ili anione ni mchapakazi. Akaninyang'anya panga taratibu. "Kaa chini, mwanangu," akasema. "Wewe unafukuza kazi yenyewe." Tukakaa chini ya mti mpaka makalio yakafa ganzi, na kweli, kidogokidogo msitu ukaanza kurudi: kwanza nyani, halafu vipepeo, halafu sauti za ndege zikaja moja moja mpaka zikatuzunguka. Nilikwenda kanisani miaka yote ya utoto wangu nikisikia watu wakisema wamejisikia wepesi moyoni. Mimi niliusikia wepesi huo pale chini ya mti, nikiwa na ganzi.

Mwaka uliofuata akatujia Bwana Rutta. Alitoka chuo kikuu kuja kuchunguza jinsi ndege waimbaji wa msituni wanavyozaliana: wanajenga wapi, wanataga lini, nani analisha, makinda wangapi wanafika kuruka. Alikuwa Mhaya wa Bukoba, mtanashati hata kwenye matope, na mfukoni hakukosa buni kavu za kutafuna ambazo aligawa kwetu kama mtu anayegawa sakramenti. Tulimpenda mara moja. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ulikuwa Kiswahili. Hakuweza kuvumilia lugha ikivunjwa mbele yake.

Sasa sisi wengine Kiswahili tulikutana nacho shuleni, na Mzee Boay alikutana nacho barabarani. Kwake yeye kila kitu kilikuwa "i". Mtu imekuja, ng'ombe imepotea, ndege imetua.

"Ametua, Mzee Boay," Bwana Rutta angesema huku darubini ikiwa machoni. "Ndege ametua. Anayetua ana damu. Inayotua ina petroli."

"Sawa, bwana. Ile ya pale sasa imeruka."

"Ameruka!"

"Ndiyo. Imeenda kabisa."

Nilikuwa nageuka pembeni nicheke kwenye koti langu la mkono mmoja. Mzee Boay hakuwa akifanya kusudi, au kama alikuwa akifanya kusudi hakuwahi kukiri.

Ndege tuliyemtafuta zaidi, vitabuni ana jina refu, lakini sisi tulimwita Nyota. Kichwa chake kijivu, mgongo wa kijani ya zeituni, kifua njano inayowaka kama ua la alizeti. Mbele ya kila jicho ana doa jeupe, na jingine kooni, na anapohamaki au kumtamani mwenzake madoa hayo yanafunguka kama mtu kawasha tochi. Mara ya kwanza kuyaona niliushika mkono wa Bwana Rutta kwa nguvu, akadhani nimeumwa na siafu.

Nyota alionekana sana kwenye korongo la chini, lenye kijito na kingo za udongo zilizofunikwa na ndago. Na hapo ndipo palipokuwa na shida. Mafuta ya taa yalikuwa hayapatikani, mbao hazipatikani, na watu wa mjini walikuwa wakimbana Bwana Misitu awaruhusu kukata. Yeye naye alikuwa ameshalitazama korongo lile: karibu na mji, miti minene, rahisi kushusha magogo. Bwana Rutta alimsihi aliache, akamwambia ndege wanazaliana mle.

"Wanazaliana au wanapita?" Bwana Misitu akauliza. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyebanwa. "Ndege anayepita atapita na kwingine. Nionyeshe kinda wa huyo Nyota wenu akitoka kwenye kiota korongoni, nione kwa macho yangu. Nikiona, nitawaambia hao wa mbao watafute pengine. Mvua za vuli zikiisha bila mimi kuona, misumeno inaingia."

Ndivyo mambo yalivyokuwa. Kinda mmoja, korongo zima.

Mnaweza kusema ni rahisi, tafuta ndege mdogo matawini umwonyeshe. Haiwezekani, kwa sababu kinda wa Nyota hafanani na wazazi wake hata kidogo. Anatoka na manyoya ya madoadoa meusi na njano, kama mtoto aliyevishwa kitenge cha mama mwingine. Ukimwonyesha bosi akiwa tayari kwenye matawi atakwambia huyo ni ndege tofauti, na huna la kumjibu. Lazima aonekane akitoka mlangoni kwake.

Kiota chenyewe nacho ni fundi. Hakikai mtini. Kinajengwa chini, kwenye ukingo wa udongo, kimeezekwa kwa majani makavu na vijimizizi kama kibanda cha msonge, na mlango uko ubavuni. Unaweza kukaa juu yake ukala ugali wako wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, ukaondoka. Tulizunguka korongo lile tangu mvua ya kwanza, tukitambaa zaidi kuliko kutembea. Cha kwanza alikiona Mzee Boay, na ndani yake tukamsikia kinda akilia njaa kwa sauti kubwa ajabu. Tulishikana mikono tukaruka juu kimyakimya, watu wazima watatu, bila kutoa hata kikohozi.

Furaha ile haikudumu. Kinda yule akanenepa, akanenepa, mpaka kiota kikapasuka ubavuni, na mama yake mdogo akawa anasimama mgongoni kwake ili afikie mdomo. Mzee Boay alikuwa wa kwanza kununa. "Hii si ya kwao," akasema. "Hii ni ile ya mvua." Mnamjua ndege wa mvua, yule anayeimba sauti tatu zikishuka, watu wakaanza kutafuta majembe. Hajengi. Anataga kwenye kiota cha mwenzake, na kinda wake akianguliwa anawasukuma wenye nyumba nje. Bwana Rutta aliandika kila kitu kwa furaha ya mtafiti, kisha akaketi kwenye gogo akiwa amekunja uso kwa huzuni ya binadamu. Bwana Misitu alipopata habari alicheka mpaka akashika tumbo. "Kwa hiyo Nyota wenu kajenga nyumba ya wageni," akasema. "Mimi nataka mwanawe."

Mvua zikaendelea kunyesha na siku zikaendelea kupungua. Cha pili nilikiona mimi! Niliteleza kwenye ukingo, nikashika mzizi, na karibu na mkono wangu ndege akatoka kimya, chini chini, kama panya. Nilibaki nimening'inia pale nikiogopa kupumua. Ndani palikuwa na giza na mlango ulikuwa mdogo, na kuingiza kidole ni marufuku, akiona umegusa anaweza kuhama. Nikakumbuka kioo changu kidogo cha kujitazamia, alichoniachia dada yangu alipoolewa. Nikakifunga kwenye kijiti cha mwanzi, nikakipinda, nikakipenyeza mlangoni taratibu. Mayai mawili, meupe yenye vidoa vya kahawia, yanafanana kabisa. Hakuna la mgeni. Sijawahi kujitazama kwenye kioo kile nikaona kitu kizuri kama kile. Tangu siku hiyo nilikuwa nasuka nywele kwa kubahatisha, kioo kikawa mali ya serikali.

Tukapiga kambi jirani, tukajenga kibanda cha kujificha kwa magunia, tukakaa kwa zamu. Jike analalia peke yake, dume anaimba jirani. Zamu yangu ya kwenda mjini kutafuta mahitaji ya kambi iliangukia siku ambayo duka lilitangaziwa sukari.

Nyie hamjui foleni. Foleni ya wakati ule ilipangwa kwa mawe. Unafika alfajiri unaweka jiwe lako, unaenda kusaga au kunyonyesha, unarudi unalikuta jiwe lako limesogea pamoja na mengine, maana kila mtu alimsogezea mwenzake kwa uaminifu wa ajabu. Jiwe langu lilikuwa la mviringo lenye mstari mwekundu. Nilikuwa nimesimama pembeni mwake na Mama Yohana wa Nangara, mama wa watoto wengi na maneno mengi zaidi, aliyekuwa akinieleza jinsi anavyowadanganya wanawe kwamba uji mchungu ndio unaorefusha mtu. Na mkumbuke ulikuwa mwaka ule wa kuwasaka walanguzi na wahujumu uchumi. Kila mtu alikuwa amesikia habari za magunia yaliyofukiwa shambani na mabati yaliyofichwa darini. Kila mtu alikuwa anaamini vitu vipo, ila vimefichwa mahali.

Kumbe huko korongoni mayai yalikuwa yameanguliwa, na asubuhi hiyo dume akaleta chakula kwa mara ya kwanza. Bwana Rutta akamtuma Mzee Boay akimbie kumwambia Bwana Misitu. Mzee Boay akateremka na furaha yake yote, na alipoingia mjini akaniona kwa mbali. Hakusubiri afike.

"Martina! Ndege imeleta chakula!"

Foleni nzima ikageuka.

"Imetua sasa hivi, kule Kwaraha, korongoni!" aliendelea kupaza sauti huku akija mbio. "Iko mbili! Moja ikitoka, ingine inaingia, zinashusha tu!"

"Zinashusha nini, mzee?" Mama Yohana akauliza.

Mzee Boay hakuwa na sababu ya kuficha. Akasimama, akahema, akaonyesha kwa vidole viwili. "Sijaona vizuri. Lakini nyeupe. Nyeupe kabisa!"

Sijui nani alilitamka neno. Nadhani lilitoka midomoni mwa watu wote kwa pamoja. "Sukari!"

Nikapiga kelele, "Jamani, ni ndege wa manyoya! Wa kuimba!" Mama Yohana akanigeukia na macho ambayo sikuwahi kuyaona kwake. "Martina, usitufanye watoto. Nyie watu wa ofisi ndio mnaogawana. Kwa nini wakutangazie wewe kwanza?" Nikamtazama Mzee Boay aokoe jahazi, naye akakubali kwa kichwa, akasema, "Kweli ni ya manyoya, lakini chakula imeleta." Basi. Hata kama angesema ametua, ameleta, anashusha, kwa sarufi safi ya Bwana Rutta, njaa ile ya sukari ingesikia imetua.

Watu wakaondoka. Hawakukimbia mwanzoni, walitembea haraka huku kila mmoja akijifanya ana safari yake, halafu mtu mmoja akakimbia na wote wakakimbia. Vikapu, mifuko, masufuria, mama mmoja kavua kitenge akakikunja mkononi tayari kwa kufungia. Nilipogeuka nyuma niliona kitu ambacho bado nakiona: mstari mrefu wa mawe mbele ya duka, yamejipanga kwa adabu, na hakuna mtu hata mmoja. Mwenye duka mwenyewe alikuwa anafunga mlango ili awahi.

Na mgambo nao wakasikia. Kamanda wao, Afande Salimu, Mrangi wa Kondoa mwenye sauti ya kuita ng'ombe wa kijiji kizima, aliambiwa kuna ndege ya walanguzi imetua msituni. Akakusanya vijana wake na marungu.

Nilipanda baiskeli ya nyasi. Nilijua njia ya mkato kupitia mashamba, nikakanyaga pedali kama mwendawazimu, nyasi zikinichomoka nyuma kama kuku anayenyonyolewa. Kichwani nilikuwa na picha moja tu. Njia ya kuingilia korongoni inapita ukingoni, na kiota kiko ukingoni, chini, pembeni ya mguu. Umati ule ukipita pale hakibaki kitu. Makinda wawili watakwenda, na korongo litakwenda nao, na Bwana Misitu hatakuwa na la kuamua. Nililia njiani, sioni haya kusema. Nililia kwa hasira huku nimekazana.

Nilifika mdomoni mwa korongo nikiwa na pumzi moja mbele yao. Afande Salimu alikuja akiongoza, umati nyuma yake, na Mzee Boay kati yao akijaribu kuwaeleza na kila neno likizidi kuwatia moto.

"Iko wapi?" Afande akauliza.

Hapo nikafikiri kwa haraka kuliko nilivyowahi kufikiri maishani. Nikisema haipo, watatawanyika wakaitafute kila kichaka. Nikisema ni ndege wa kuimba, nimeshasema na sikuaminiwa. Nikajikuta nasema:

"Iko humo ndani, afande. Lakini ukiingia kwa kelele inaruka."

Akatafakari. "Itaruka?"

"Papo hapo. Na haitarudi. Tutakosa wote."

Bwana Rutta angezimia kwa "iko" na "inaruka" zangu, lakini sikuwa nimesema uongo hata mmoja. Afande akageuka, akainua rungu, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akanong'ona. "Wote chini. Atakayekohoa, namweka ndani." Na mji wa Babati ukaketi. Akina mama, wazee, mwenye duka, wote kwenye nyasi mbichi, vikapu mapajani, kimya. Niliwahi kusimamia semina nyingi baadaye na sijapata tena wasikilizaji wa namna ile.

Nikamwambia anifuate peke yake, akitambaa. Akatambaa, rungu kwenye meno. Bwana Rutta alikuwa kibandani na hakujua lolote, aliona tu kamanda wa mgambo akiingia kwa magoti, naye kwa kuwa jike alikuwa anakaribia aliweka kidole chake kwenye midomo kumnyamazisha, akampa darubini. Mtafiti ni mtafiti.

Afande Salimu akatazama. Alitafuta mabawa ya chuma kwanza, niliona darubini ikipanda juu. Nikaishusha taratibu kwa kidole mpaka ukingoni. Jike akatua, kifua njano, doa jeupe linawaka, na mdomoni amebana funza mnene mweupe. Mlangoni pakachomoza midomo miwili ya rangi ya machungwa, imefunguka mpaka mwisho. Funza akaingia. Jike akaruka, dume akaja, naye amebeba mwingine.

Afande akafuta vioo vya darubini kwa kidole, akatazama tena. Halafu akanong'ona, "Hii ndiyo ndege?"

"Ndiye," Bwana Rutta akajibu.

"Na ile nyeupe?"

"Funza, afande," nikasema.

Niliona mabega yake yakianza kutikisika. Akavua kofia akaiuma ili kicheko kisitoke, machozi yakamtiririka, na hakushusha darubini. Alitazama mpaka nikaogopa kwamba watu huko nje watachoka. Alipotoka alisimama mbele ya umati, akajikung'uta majani, akatangaza kwa sauti ya chini, "Raia. Ndege ipo. Ni ndogo."

Wengine walikasirika, na walikuwa na haki, walikuwa wamekimbia na matumbo matupu. Mwenye duka alikumbuka duka akaondoka mbio. Lakini Mama Yohana alisema hakuja Kwaraha kuangalia nyasi, naye aonyeshwe, tukampitisha. Akatazama wale wawili wakienda na kurudi, wakienda na kurudi, mvua imeanza kudondoka migongoni mwao. Nilitegemea utani. Akasema polepole, "Maskini. Na wao foleni." Halafu akafuta macho kwa ncha ya kitenge, akanirudishia darubini. Wengine wakafuata mmoja mmoja, wakitambaa, bila hata jani kukanyagwa ukingoni.

Afande Salimu hakutaka kuwa kamanda aliyevamia funza. Kwa hiyo akaamua kwamba lilikuwa jambo la usalama tangu mwanzo, akaweka vijana wake mdomoni mwa korongo: hakuna mbuzi, hakuna manati, hakuna shoka, mpaka makinda watoke. Ulinzi ambao sisi tusingeupata hata kwa kupiga magoti.

Mvua ndiyo haikuogopa mgambo. Ilinyesha kubwa, ukingo ukamomonyoka kidogo, na asubuhi nilipopenyeza kioo niliona kinda mmoja tu. Yule mwingine hatukumpata. Mzee Boay alikaa chini akaukandika udongo chini ya kiota kwa mikono yake, kwa upole wa mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Siku ile Bwana Rutta aliacha hata kusahihisha lugha, na ndipo nikajua hali ni mbaya.

Bwana Misitu alikuja mwenyewe, asubuhi ambayo kinda alikuwa amekaa mlangoni kifua kikiwa nje. Alikuja amenuna, maana mjini walikuwa wakimwuliza ndege nyingine itatua lini. Tukajibana kibandani sote wanne, jasho na buni. Bwana Rutta alitupa onyo la mwisho: kinda akitoka mapema kwa hofu anakufa, kwa hiyo atakayetoa sauti hatamsamehe mpaka kaburini. Tukakaa. Dume alikuja na funza, hakumpa. Alisimama kwenye tawi mbele yake, akamwonyesha, akasogea nyuma. Kinda akalia. Dume akasogea tena nyuma. Nilikuwa nimeushika mkono wa mtu, baadaye nikagundua ni wa bosi, naye alikuwa ameushika wangu.

Kinda akajitikisa. Akainama. Akarudi ndani! Akatoka tena, madoadoa yake yote, kimkia kifupi kama kisiki, akaegemea mbele hewani pasipo na kitu, na akaachia.

"Imeruka!"

Sauti ilipasua korongo zima. Ilikuwa ya Bwana Rutta. Alikuwa amesimama, ameng'oa magunia yote kwa kichwa, mikono juu, buni zinamwagika mfukoni. "Imeruka! Imeruka! Mmeiona? Imetua pale! Iko hai!"

Na kweli alikuwa hai, juu ya tawi, ameyumba, ameshika, dume amefika na funza wake mdomoni. Bwana Misitu alitazama kiota kitupu, akatazama tawi, akapangusa miwani yake. Halafu akasema, bila kumtazama yeyote, kwamba wale wa mbao atawaambia watafute pengine. Korongo lile mnaloingia kila wiki na buti zenu mpya ndilo hilo.

Mimi nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja. Bwana Rutta alikuwa bado amesimama na gunia shingoni, machozi yanamshuka bila kuyafuta. Mzee Boay ndiye pekee aliyebaki amekaa. Alimvuta suruali taratibu ili amsikilize.

"Ameruka, bwana," akamwambia kwa upole. "Imeruka ni ile ya sukari."